Geuza Jalada, Sikiliza Miguu

Nikipata albamu mpya ya metali kali, siichezi peke yangu. Inakaa na nailoni yake mpaka Jumapili jioni, tunapokutana nyuma ya kibanda cha fundi wa redio pale Nsambya, Kampala, chini kidogo ya kambi ya polisi. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo. Mashine ya santuri ni moja tu na ni ya fundi: aliipata Owino, soko la mitumba, ikiwa imekufa, akaitafutia mkanda na sindano, na hairuhusu itoke. Ukitaka kusikia santuri yako, wenzako nao wataisikia, na wakishaisikia utayasikia na maoni yao.

Kundi lenyewe ni la ajabu kidogo. Fundi roho yake iko kwa Franco na TPOK Jazz, bendi ya rumba ya Kongo. Metali tulimwingiza sisi. Yaya, tunavyomwita wote kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, ni mpiga gitaa kutoka Goma, na riziki yake ni sebene, lile gitaa la Kikongo la kuchezesha watu, kwenye harusi za Wakongo wa Kansanga na Makindye. Kuna kijana wa chuo ambaye ameshasikia kila kitu kilichowahi kurekodiwa, au hivyo ndivyo anavyotaka tuamini. Mimi niko kwenye uchapaji, Nasser Road. Na kuna Dada, mpiga ngoma wa kanisa moja la walokole, asiyeupenda muziki huu hata kidogo, na ambaye ndiye sababu ya makala hii. Kiluganda tunakijua sote, lakini wengi wetu ni watoto wa kambini au wa ng'ambo ya mpaka, na ubishi ukianza tunabisha kwa Kiswahili.

Dada alikuja mara ya kwanza kutafuta springi ya pedali yake ya ngoma. Ndani ilikuwa inalia deth metali, ile metali ya kasi na ya kunguruma, sauti imefunguliwa mpaka mabati yanatetema. Wapita njia wengi wakikuta hali hiyo wana neno moja tu: mapepo. Yeye alisimama mlangoni, akasikiliza kidogo, akauliza, "Huyu ana miguu mingapi?"

Nimeishi na muziki huu tangu enzi za kuchomewa CD na kaseti za kurudufu, na sikumbuki mtu mwingine aliyeanza na swali hilo. Kampala ni mji wa makanisa. Kila kona kuna spika na kila spika ina mhubiri, kwa hiyo masikio yetu yamezoea kuuliza wimbo ni wa upande gani kabla ya kuuliza umepigwaje. Jirani anayesikia Morbid Angel, bendi ya deth metali, kupitia ukuta anauliza kama ni wa shetani. Kichekesho ni kwamba sisi mashabiki tunauliza vilevile, ila tunashangilia jibu. Tunapima nani ni wa kweli, nani anamchukia Mungu kwa dhati na nani anajifanya tu, nani ameuza roho yake kwa lebo kubwa. Ni mahubiri yaleyale yamevaa fulana nyeusi. Dada alileta sikio la kazi. Anataka kujua nani anapiga, kwa chombo gani, na mguu wake utafika wapi kabla haujachoka. Siku hizi naona hiyo ndiyo njia ya haki kuliko zote ya kuusikiliza muziki huu.

Jaribio gumu lilikuwa Ulcerate. Hawa ni watu watatu kutoka New Zealand, na albamu yao ya 2024 nilikuwa nimeisubiri sana. Ilifika kwa njia ambayo vitu vyangu vingi hufikia: binamu yangu wa Nairobi anapokea kifurushi, kisha anamkabidhi mtu anayesafiri na basi la usiku kupitia Busia. Kuitisha moja kwa moja kutoka Ulaya mpaka Kampala, nauli ya posta inaweza kuizidi bei ya santuri yenyewe. Kona moja ya jalada ilikuwa imekunjika, jambo ambalo kwa mtu wa uchapaji ni jeraha.

Albamu inaitwa "Cutting the Throat of God". Dada alilisoma jalada polepole. Alikuwa ametoka ibadani, bado yuko kwenye nguo za kanisani, fimbo zake zinachungulia kwenye mkoba. Alinitazama, akalitazama jalada tena, kisha akaligeuza kifudifudi juu ya meza.

"Mungu wangu si wa kukatwa koo na watu wa New Zealand," akasema. "Weka tusikie."

Ni nyimbo 7 na zinakaribia saa nzima. Wimbo wa kwanza aliukaa kimya. Kwenye wa pili vidole vikaanza kutembea pajani, vinatafuta pigo la kwanza la mzunguko na kulikosa, kwa sababu mpiga ngoma wao, Jamie Saint Merat, analificha kwa makusudi. Kasi inapanda na kushuka bila onyo. Mahali ambapo bendi nyingine ingepiga blasti, yaani ngoma za kasi ya juu kabisa, moja kwa moja mpaka mwisho, yeye anaacha matoazi yapumue halafu anarudi na ngoma kubwa za chini. Fundi ana stuli aliyoigongomea kipande cha tairi. Dada aliivuta, akatoa fimbo, akaanza kufuata. Mkono wa kulia aliupata haraka. Wa kushoto ulimsumbua. Kati ya mapigo makubwa ya snea, ile ngoma ya katikati yenye mlio mkali, kuna mapigo madogo madogo ambayo unayahisi kuliko kuyasikia, na hayo ndiyo yanayoufanya wimbo utembee.

"Kushoto kwake kunanong'ona," akasema bila kuinua kichwa. "Na anamsikiliza mwenye gitaa. Wengi hawasikilizi, wanapiga tu."

Nilipomwambia kwamba huyo huyo mpiga ngoma ndiye pia anayeshughulikia kurekodi na kuchanganya sauti, na michoro ya bendi ni yake, akacheka: "Ndiyo maana ngoma haijazikwa." Kanisani kwake kuna kijana wa mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, anayependa kinanda, na kila Jumapili ngoma yake ya mguu inazama chini ya kinanda hicho. Malalamiko hayo tumeyasikia sana. Kabla upande wa nne haujafika katikati, Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaisha, na nusu saa iliyofuata ilikuwa ubishi wa nani anunue tokeni, ambao sitauandika hapa.

Jalada lilibaki limegeuzwa. Hakuniambia niitupe albamu, wala hakujifanya jina halipo. Kwangu ile ni adabu ya juu kabisa ya usikilizaji, na mashabiki tunaojiita wenye akili pana tunaweza kuiiga tukikutana na nyimbo za injili.

Kuna jambo la ufundi alilolinusa mapema ambalo limegawa kundi letu mpaka leo. Bendi nyingi za deth metali hufunga kihisio kwenye ngoma ya mguu. Mpigaji akigusa, kihisio kinaita sauti iliyohifadhiwa tayari, na kila pigo linatoka sawasawa na lingine kama kadi za harusi zinavyotoka mashineni. Dada hakuwa amewahi kusikia habari za kifaa hicho. Alichosema ni kwamba pigo la kwanza na la mwisho yana uzito mmoja, na binadamu huchoka, kwa hiyo kuna mtu anadanganya. Kijana wa chuo akawaka. Akaeleza, na ni kweli, kwamba ukipita mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, miguu miwili ikigonga mara nne ndani ya kila pigo, mvumo wa ngoma kubwa hauishi kabla pigo linalofuata halijaingia. Unachobaki nacho ni tope. Kihisio kinatoa mlio mfupi na mkavu ili sikio liweze kuhesabu. Hakimpi mtu kasi asiyokuwa nayo.

Dada alikubali hoja akakataa matokeo. Anasema afadhali tope la mtu. Mimi niko katikati, nikielemea kwake. Kuna rekodi za miaka ya karibuni zilizosafishwa mpaka huwezi kujua mpigaji alikuwa ameshiba au ana njaa.

Nile, kwa mfano. Bendi ya South Carolina, Marekani, imejipa jina la mto wetu na tangu miaka ya 1990 inaimba mafarao, makaburi na laana za Misri. Nilipoleta "The Underworld Awaits Us All" ya 2024, fundi, ambaye kwao ni Jinja, kwenye chanzo cha mto huo, aliuliza kama huyu Karl Sanders, kiongozi wao, ameshawahi kuambiwa mto unatoka wapi. Swali halali. Mpiga ngoma wao George Kollias, Mgiriki aliyejiunga 2004, ni mtu wa kutisha kwa miguu, na Dada alimvulia kofia. Lakini kila kitu ni kigumu na kila kitu kinang'aa kwa kiwango kimoja. Mimi nabaki na "In Their Darkened Shrines" ya 2002.

Santuri iliyoleta vicheko ilikuwa toleo jipya la "Altars of Madness" ya Morbid Angel. Ilitoka mara ya kwanza 1989, ikarekodiwa Morrisound kule Tampa, Florida, studio iliyoipa deth metali ya Marekani sauti yake. Jalada ni la Dan Seagrave: nyuso zimesongamana, macho na meno, hakuna pa kupumzishia jicho. Kwa mtu wa Nasser Road ni furaha na mateso, maana rangi kama hizo ukikosea sahani moja tu umepata uji. Dada aliligeuza kifudifudi bila kuombwa. Ngoma ni za Pete Sandoval, mzaliwa wa El Salvador, na ukitaka kumweleza mtu blasti ni nini, mpe hii: snea, toazi na mguu vinakwenda pamoja kwa kasi inayofanya sikio livisikie kama ukuta, ilhali ndani ya ukuta kuna mikono inayohesabu kila pigo.

Kijana akaona ndipo pa kumchokoza. Akamwambia Dada kwamba Sandoval huyu baadaye aliokoka. Na ni kweli. Aliumwa mgongo, bendi ikaendelea na mpigaji mwingine kwenye albamu ya 2011, na kufikia 2013 David Vincent, mwimbaji wao, alikuwa ameshasema waziwazi kwamba Sandoval amempata Yesu na nyimbo za Morbid Angel na imani yake haviendi pamoja. Tulitegemea Dada apige haleluya. Yeye akauliza, "Mgongo ulipona?" Tukamwambia alirudi kupiga, tena miaka ya karibuni amesimama na Vincent huyo huyo kwenye bendi ya I Am Morbid, wanapiga nyimbo zilezile za zamani. Hapo Yaya, ambaye ni Mkatoliki wa Pasaka na Krismasi, akasema amerudi nyuma kiroho. Dada akakataa kabisa. Mtu aliyejenga nyumba akaokoka, akasema, haitwi mrudi nyuma kwa kuja kuangalia paa. Walibishana mpaka upande wa pili ukaisha bila mtu kuusikia, tukaurudia.

Haya yote ni mepesi ukilinganisha na siku kijana alipoleta Darkthrone.

"Transilvanian Hunger" ya 1994 ni moja ya nguzo za blaki metali ya Norway. Kwa sikio la kazi ni kitu cha kuheshimika mno. Fenriz alipiga vyombo vyote peke yake na kurekodi kwenye mashine ya kaseti ya njia nne, kisha mwenzake Nocturno Culto akaweka sauti. Jalada ni Fenriz ameshika kinara cha mishumaa, picha nyeusi na nyeupe ambayo kijivu chote kimechomwa. Kazi kama hiyo ukimpelekea mteja Nasser Road atadai pesa yake. Pale imekusudiwa, na ninavyojua gharama za wino, naelewa pia kwamba bajeti ya vijana wale ilikuwa inasema neno. Ngoma hazibadiliki karibu albamu nzima: mwendo mmoja, umebanwa, uko mbali nyuma ya gitaa. Nilidhani Dada atachoka. Akasema kukaa palepale bila kujipamba ni kazi ngumu kuliko kurukaruka, na kwamba yeye mwenyewe kwenye nyimbo za kuabudu hushindwa.

Yaya ndiye aliyetushangaza. Alichukua gitaa lake, akalichomeka kwenye redio ya fundi, akaanza kusugua uzi mmoja kwa kasi mpaka akaipata rifu, yaani mstari wa gitaa unaojirudia, ya wimbo wa kwanza. Halafu akaipiga upya polepole, bila ukwaruzo, akiirusha juu kwenye nyuzi nyembamba. Ikatoka melodi ya huzuni, nzuri, ambayo ungeweza kuiimba. "Kumbe ndani kuna wimbo," akasema. "Kwa nini anaufunika?" Tulilizungumza hilo kwa muda, na jibu langu ni kwamba ukwaruzo unakulazimisha uitafute melodi mwenyewe, na ukishaipata hukubali mtu akuambie haipo.

Kisha fundi akauliza yule kijana anajua nini kuhusu maandishi ya nyuma ya toleo la kwanza. Anajua. Sote tunajua. Yaliandikwa "Norsk Arisk Black Metal", yaani waliitangaza kuwa blaki metali ya Kinorwe ya Kiarya, neno la ubaguzi wa rangi walilolipenda Wanazi. Maandishi hayo yakaondolewa kwenye matoleo ya baadaye na bendi ikaomba radhi. Lakini sehemu ya mashairi iliandikwa na Varg Vikernes wa Burzum, mradi wake wa muziki wa peke yake, ambaye mwaka huohuo wa 1994 alihukumiwa miaka 21 kwa kumuua Euronymous, mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem, na kwa kuchoma makanisa. Miaka iliyofuata hakuficha msimamo wake kuhusu watu wa rangi yetu.

Hapa sikio la kazi halikutoshi, na sitajifanya linatosha. Fundi alisema kifupi, "Mtu ananichukia, halafu mimi nimlipie?" Kijana akajitetea kwamba nakala yake ni ya mtumba, aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, na mtumba haumrudishii mwenye kiwanda hata senti. Hiyo ni hoja ya Owino na ina nguvu zake; nusu ya nguo za mji huu zimefika hapa kwa mantiki hiyo. Yaya hakujali. Kwake muziki ukishavuka bahari umeshakuwa wa anayeupiga.

Dada alikuwa ameacha kugonga tairi. Alitaka kurudi kwenye makanisa. Yalichomwa mangapi, kulikuwa na watu ndani? Vijana wa mtandaoni wanaweza kuyasimulia mambo ya Norway ya 1992 kama hadithi ya kusisimua, makanisa ya mbao yakiwaka usiku. Huku kwetu kuna Kanungu, Machi 2000, kanisa lililoteketea na mamia ya watu ndani yake. Mtu mzima wa Uganda hasikii "kanisa limechomwa" akatabasamu. Dada akamgeukia kijana, akamwonyesha jalada la Ulcerate lililokuwa bado rafuni. "Hili jina baya nimelivumilia kwa sababu ni maneno. Kiberiti si maneno."

Mimi msimamo wangu ni huu, na wenzangu wanajua: Darkthrone nasikiliza, na Fenriz kwa kazi aliyoifanya na ile mashine ya kaseti namheshimu. Burzum siinunui, iwe mpya au mtumba, na ikichezwa natoka nje kununua rolex, chapati ya mayai. Kijana ananiambia mstari huo nimeuchora mahali panaponifaa. Huenda. Mstari usiochorwa mahali popote haunifai kabisa.

Kuhusu mafaili ya mtandaoni, nayo ni njia ya kupata, ingawa hayana kona za kukunjika. Kijana hununua Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, hasa zile Ijumaa walizozianzisha Machi 2020 ambapo mtandao hauchukui fungu lake, kwa kawaida asilimia 15 ya mauzo ya faili, na pesa inakwenda kwa wanamuziki na lebo zao. Huku kwetu kuna fungu jingine. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018 iliondolewa, na tangu Julai 2021 tunalipa ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Albamu yenye sauti kamili ni mamia ya megabaiti. Anapakua usiku wa manane kwa bando la bei nafuu, anakuja na flashi, na fundi anaipokea kwa uso wa mtu aliyeletewa chai bila sukari.

Albamu iliyovuruga utaratibu wetu wote ilirekodiwa hapahapa Kampala. Duma ni Wakenya wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, waliopitia bendi za metali za Nairobi. Walikuja kurekodi kwenye studio ya Nyege Nyege Tapes, lebo ya mji huu, mwaka 2019, na albamu yenye jina lao ikatoka 2020. Wimbo mmoja unaitwa "Uganda with Sam". Kutoka kwenye studio hiyo hadi kibanda cha fundi ni nauli ya boda. Santuri yangu ilizunguka Ulaya, ikashuka Nairobi, ikapanda basi la usiku.

Dada alikaa na stuli yake tayari. Baada ya dakika chache akaishusha fimbo. Hakuna mpiga ngoma. Ngoma zote ni za kupangwa kwenye kompyuta. Zinakimbia kuliko mguu wowote, zinakatika ghafla, zinarudi zikiwa zimechanika. Juu yake Khanja anapiga mayowe, ananguruma, anashuka mpaka sauti inakuwa kama ya kutapika. "Sasa nisikilize miguu ya nani?" akauliza, na kwa mara ya kwanza alionekana kukereka kweli. Kijana naye akasema hii si metali hata kidogo, ni kelele za disko iliyoharibika. Walikuwa upande mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Aliyeinuka ni fundi. Alisogea mpaka sikio likakaribia kugusa kitambaa cha spika, akaturudisha nyuma kwa mkono. Huyu ni mtu ambaye riziki yake ni sauti mbovu: redio inayokwaruza, amplifaya inayovuma, koni iliyopasuka. Akaanza kutusomea. Hapa sauti imesukumwa mpaka kilele chake kimekatwa. Hapa besi imeongezwa zaidi ya spika inavyoweza, halafu ikarudishwa kidogo tu kabla ya kuua koni. Hapa kuna ukwaruzo wa aina mbili umewekwa mmoja juu ya mwingine, na wa juu una mdundo wake. "Wateja wangu wananilipa niviondoe hivi," akasema. "Hawa wamekaa wakavipanga." Akarudisha sindano mwanzo wa wimbo bila kutuuliza.

Baada ya hapo Dada alisikiliza tena, safari hii akitafuta mkono wa aliyepanga. Alikubali kwamba kuna kazi. Hakubali kwamba kuna ngoma. Mimi naiona ndiyo albamu bora ya metali kali niliyo nayo iliyorekodiwa kwenye mji huu, na sisemi hivyo kwa uzalendo, maana wenyewe ni Wakenya. Kampala ina bendi yake, Vale of Amonition, ya metali ya mwendo wa pole na mzito, na ninaipenda; lakini Duma ndiyo iliyonifanya nisikie joto na zogo la hapa ndani ya muziki ambao nilizoea kuusikia ukiwa na theluji.

Ni ajabu jinsi inavyosikika kidogo hapa nyumbani. Tamasha la watu hawahawa wa Nyege Nyege kule Jinja liliwahi kutangazwa limefutwa mwaka 2018 na Simon Lokodo, waziri wa maadili wa wakati huo na padri wa zamani, kabla ya serikali kulegeza na kuliacha liendelee. Swali lilikuwa lilelile la jirani na ukuta wake. Sikumsikia mtu kwenye ule mjadala akiuliza ngoma zilipangwaje.

Zilizo njiani kwa sasa ni mbili. Ya kwanza ni "The Adept" ya Lord Spikeheart, ndiye Khanja huyohuyo akiwa peke yake, iliyotoka 2024. Kijana ameshaipakua; mimi nasubiri santuri na nimemkataza asifungue mdomo. Ya pili ameiomba Dada mwenyewe, na hili lilitunyamazisha sote. Alisikia kwamba "Scum" ya Napalm Death, ya 1987, ina nyimbo 28 ndani ya dakika kama 33, na kwamba upande wa kwanza na wa pili zilirekodiwa na watu tofauti, miezi kama tisa ikipita katikati, isipokuwa mpiga ngoma tu, Mick Harris, aliyebaki pande zote mbili. Wimbo wake mfupi kuliko wote unamalizika kabla hujamaliza kupiga chafya. Dada hana haja na wimbo huo. Anataka asikie kama mguu wa upande wa pili umejifunza kitu ambacho wa upande wa kwanza haukuwa nacho. Binamu anasema kifurushi kimeshafika Nairobi, na fundi ameagiza kije na sindano mpya, kwa sababu ya sasa, anasema, Nile wameimaliza.